Shangazi, nilivua joho miaka minne iliyopita na bado naangaliaangalia tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 27. Nilimaliza chuo miaka minne iliyopita, shahada ya usimamizi wa biashara, matokeo ya katikati, si ya kujigamba wala ya kuficha. Picha yangu ya mahafali bado imetundikwa sebuleni kwa wazazi. Kila nikienda kuwasalimia naitazama. Yule kijana aliyevaa joho anacheka kama mtu aliyeambiwa siri fulani ambayo mimi sijaambiwa.

Niseme mapema kwamba sina shida kubwa. Siumwi, silali njaa, sidaiwi na mtu. Nilisita kukuandikia kwa sababu hiyo hiyo, maana nasoma barua za wenzangu humu, watu wamefiwa, wamekimbiwa, wamedhulumiwa, na mimi nakuja na nini? Siku zinaisha, ndiyo tatizo langu. Jumatatu nafumba macho, nikifumbua ni Ijumaa.

Baada ya chuo niliomba kazi kwa miezi minane. Nilikuwa na daftari: safu ya kwanza tarehe niliyotuma maombi, ya pili jina la ofisi, ya tatu majibu. Safu ya tatu ilibaki nyeupe karibu yote. Mwishowe rafiki yangu aliyekuwa anauza bima kwa simu akaniambia kwao wanatafuta watu, nikaenda naye, nikajikuta na mimi nauza bima kwa simu. Nilikaa miezi saba. Sikuichukia, sikuipenda. Nilipoacha hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kisha nikajikuta kwenye ofisi moja ya uchapaji, mapokezi, kupokea oda za wateja. Kadi za mialiko, vitabu vya risiti, mabango, vipeperushi. Pale nilidumu miezi 14 hadi walipopunguza wafanyakazi. Ilikuwa ofisi ya vurugu. Asubuhi mteja anakuja kuchukua kadi zake, sisi watu watatu tunapekua mafaili, na mara mbili tulimkabidhi mtu kazi ya mwingine. Jioni moja nilibaki peke yangu mpaka saa nne usiku, nikazipanga oda zote upya kwa tarehe ya kuchukuliwa badala ya jina la mteja, nikaandika karatasi mbili za maelekezo nikazibandika ukutani. Nasikia bado zipo. Lakini hayo ni mambo madogo, nirudi kwenye swali langu.

Sasa hivi naendesha kurasa za mitandao ya kijamii za biashara ndogo tatu. Binamu yangu aliniomba nimsaidie ya kwake, wengine wawili wakaona, nikajikuta ndiyo imekuwa kazi yangu. Naifanyia kitandani, kompyuta juu ya mto. Inanitosha kwa mahitaji yangu. Pembeni nimejiandikisha kozi tatu za mtandaoni: uchambuzi wa data, usanifu wa michoro na usimamizi wa miradi. Sijamaliza hata moja. Ya data nimefika somo la nne.

Upande wa mapenzi ni vilevile. Chuoni nilikuwa na mpenzi kwa miaka miwili. Hatukuachana, Shangazi, naapa hatukuwahi kuachana. Simu zilipungua, ujumbe ukawa wa sikukuu hadi sikukuu, nikajikuta niko peke yangu. Mwaka jana nilialikwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, nikakutana na dada mmoja, nimwite N. Tukaongea. Nikajikuta kwake wikendi, halafu na katikati ya wiki, sasa ni miezi 11 na nalala kwake siku tano kati ya saba. Ni mtu mzuri, mcheshi, ana kazi yake, anajua anachotaka mpaka ananitisha. Nguo zangu zipo kwenye begi chini ya dirisha lake. Mwezi uliopita nilirudi nikaona amehamishia nguo zake upande mmoja wa kabati, upande wa pili ameacha hanga sita tupu. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu. Naendelea kutoa shati begini, nalinyoosha kwa viganja, navaa, natoka.

Wiki mbili zilizopita akaniuliza, "Hivi sisi ni nani?" Nikamjibu, "Tupo tu, au?" Alicheka, lakini si kile kicheko chake. Juzi tena akasema mkataba wake wa pango unaisha baada ya miezi miwili, anataka kujua atafute nyumba ya mtu mmoja au ya watu wawili. Nikamwambia tutaona. Halafu, na hili sijamwambia mtu, yule wa chuoni ameanza tena kunitumia ujumbe usiku, "mambo", "umelala?", na mimi najikuta najibu.

Kuna jingine. Mhasibu wa ile ofisi ya uchapaji, mzee ambaye hatukuwahi kuwa karibu, alinitumia ujumbe kwamba kuna mahali wanatafuta mtu wa kuratibu oda, akauliza kama alitaje jina langu. Leo ni siku ya tisa sijamjibu. Si kwamba sitaki. Sijui kama ndicho ninachokitaka.

Marafiki zangu wengi wako kama mimi. Tunakutana jioni, tunacheka sana, tunapanga biashara ambayo kesho yake hakuna anayeikumbuka. Mmoja alitutumia video inayosema ubongo wa binadamu haukomai mpaka miaka 25, tukafarijika wote. Nina 27 sasa, bado nausubiri. Wengine wameoa, wana watoto, wana mipango ya miaka mitano. Hata wivu siwaonei, najikuta nashangaa tu walijuaje. Walijuaje kwamba huyu ndiye, hii ndiyo?

Je, kuna kitu nimepungukiwa? Na ndoto yangu nitaijuaje?

Naangaliaangalia

*

Marahaba mwanangu.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako haraka, nikadhani ni ile ile niliyokwisha kuijibu mara nyingi: kijana, shahada, kazi hazieleweki. Mara ya pili nilishika kalamu nikaanza kuzungushia neno moja. Ulijikuta unauza bima. Ukajikuta mapokezi, ukajikuta unaendesha kurasa za watu, ukajikuta huna mpenzi, ukajikuta kwa N., unajikuta unajibu ujumbe usiku, na mwisho kabisa unajikuta unashangaa. Mara saba. Ni kitenzi kizuri hicho, kinamfikisha mtu mahali bila kumtembeza. Mlevi hukitumia, na mwizi aliyekamatwa dirishani naye hukitumia.

Sikucheki. Au nakucheka kidogo, ila nawe ulianza na ule ubongo unaousubiri.

Nikutoe kwanza kwenye kosa ambalo si lako, ile safu ya tatu ya daftari. Ukihitimu wakati ajira ni haba unaanza na mzigo, na mzigo huo umepimwa. Mwaka 2012 wachumi Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz walichapisha utafiti kuhusu wahitimu wa vyuo nchini Kanada. Waliohitimu uchumi ukiwa umedorora walianza na mapato madogo kuliko wenzao, na pengo lilichukua takriban miaka 10 kuzibika. Sababu mojawapo iliyoliziba ni kuhama: watu waliwaacha waajiri duni waliowapokea mwanzoni wakaenda kwa walio bora. Kwa hiyo kazi tatu ndani ya miaka minne hazinitishi hata kidogo, na mtu akikuambia umekosa msimamo kwa sababu hiyo, mwache aseme.

Kinachonitisha ni kile ambacho ile miezi minane ilikufundisha. Mtu akiomba, akaomba, akaomba, na hata barua ya kukataliwa asipewe, hujifunza kimyakimya kwamba kutaka kitu kunauma. Basi anaacha kutaka. Anakaa pembeni ya njia, kinachopita kikimchukua anapanda, kikimshusha anashuka, na hakuna anayeweza kusema ameshindwa, kwa kuwa hakuwahi kutamka kwamba alikuwa anakwenda mahali. Nadhani hapo ndipo "tutaona" yako ilipozaliwa. Umeandika kwamba ulipoacha kazi ya bima hakuna aliyekuuliza kwa nini. Hukulazimika kuniambia hilo. Umeniambia kwa sababu liliuma.

Sasa swali lako la kama umepungukiwa na kitu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia, akijenga juu ya mawazo ya Erik Erikson, aliwahoji vijana wa chuo akawapanga katika makundi manne kwa kutumia maswali mawili tu. Umewahi kuhangaika kutafuta njia yako? Na umeshajifunga na njia yoyote? Wapo waliotafuta wakaamua. Wapo walioamua bila kutafuta, wamevaa viatu vya wazazi na vimewatosha. Wapo waliokuwa katikati ya kutafuta. Na wapo ambao hawakuwa wanatafuta wala hawajaamua. Haya makundi mawili ya mwisho, ukiyatazama kwa mbali, ni mapacha. Wote hawana kazi ya kudumu, wote kozi zao haziishi, wote ukiwauliza watakuambia bado wanaangalia.

Ila anayetafuta kweli hupunguza. Akikaa mahali miezi saba anatoka na jibu mkononi: hii hapana, kwa sababu siwezi kumsumbua mtu ambaye hakuniita, au hii ndiyo, lakini si chini ya bosi wa namna ile. Orodha yake inazidi kuwa fupi. Wewe umepita kazi tatu na huna jibu hata moja. "Sikuichukia, sikuipenda." Miezi saba, mwanangu! Hata embe bovu lingekuachia ladha mdomoni. Kwa hiyo hujapungukiwa na kitu. Umeangalia sana, na ulichokiona hukukiandika popote.

Isipokuwa mahali pamoja, na hapo ndipo nilipokalia barua yako kwa muda mrefu.

Ulibaki ofisini mpaka saa nne usiku. Hapo hukujikuta. Hakuna aliyekutuma, hakuna aliyekulipa saa za ziada, na nina hakika palikuwa na mahali pengine pa kuwa usiku ule. Mteja alikuwa amekabidhiwa kazi isiyo yake, ikakukera. Ni watu wengi wanaokereka, lakini wengi wao wangelalamika kwa bosi au wangeomba kabati jipya. Wewe uligundua kwamba jina la mteja si swali ambalo ofisi hiyo inajiuliza asubuhi. Swali lake ni "leo nini kinatoka?" Ndiyo maana ukapanga kwa tarehe. Halafu ukafanya kitu ambacho wajanja wengi hawakifanyi, ukaandika maelekezo ili atakayekuja asihangaike, ukabandika, ukaenda kulala. Umeshaondoka na karatasi bado zipo ukutani. Na baada ya kunisimulia haya yote ukaniomba radhi kwamba ni mambo madogo, ukanivuta mkono twende tukaitafute ndoto.

Kuhusu ndoto sina la kukuambia, na swali lenyewe nalitilia shaka. Unasema wenzako "walijuaje". Wengi wao hawakujua. Wavute pembeni mmoja mmoja uwaulize, utasikia. Mimi mwenyewe safu hii nilipewa kumshikia mwenzangu aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi, miezi mitatu tu. Kwa lugha yako, nilijikuta. Aliporudi nilikwenda kwa mhariri nikasema nataka kuendelea, na nilitetemeka kuliko siku ya usaili, kwa kuwa sasa kulikuwa na kitu cha kunyimwa. Kuingia mahali kwa bahati si dhambi, nusu ya watu wazima unaowaonea maajabu waliingia hivyo. Lakini inafika siku mtu anasema kwa mdomo wake "nataka kubaki" au "naondoka". Wewe hiyo siku umeiruka mara zote, na hata mpenzi wa chuoni umeniapia kwamba hamkuachana.

Tuje kwa N. Hapa sitakubembeleza.

Scott Stanley, Galena Rhoades na Howard Markman, watafiti wa mahusiano, waliandika mwaka 2006 kuhusu tofauti ya kuteleza na kuamua. Wapenzi wengi hawaketi wakakubaliana kuishi pamoja. Leo mswaki, kesho nguo mbili, keshokutwa bili wanalipa wote. Tatizo wanalolitaja ni kwamba kila hatua ya namna hiyo inaongeza ugumu wa kuondoka kabla watu hawajaulizana kama wanataka kubaki. Siku wakishtuka, wamebaki kwa sababu kutoka ni kazi.

Kwenu hali ni ya ajabu zaidi, maana anayeteleza ni mmoja. Mwenzako ameuliza mara tatu. Aliuliza kwa hanga. Akauliza kwa mdomo, sisi ni nani. Akauliza kwa mkataba wa pango, na hapo aliweka hadi tarehe. Wewe unahesabu kwamba hujajibu. Yeye anajibiwa kila asubuhi, unapoinama kwenye lile begi na hanga zikiwa hatua tatu kutoka ulipo. Hebu jiweke kitandani pale umtazame mtu analinyoosha shati kwa viganja kwa mwezi mzima. Angekuwa kaka yako ndiye anayefanyiwa hivyo ungemwambia nini?

Sikuambii uhamie naye. Huenda humtaki kwa kiasi hicho, na hilo halina aibu. Lakini umesema "anajua anachotaka mpaka ananitisha", na mimi naisoma sentensi hiyo kama ya mtu anayeogopa kupimwa, kuliko mtu asiyependa. Wewe ndiye utajua ni ipi. Kujua huko kunahitaji jioni moja bila simu, si miezi miwili. Mtu kama N. anaweza kuishi na "hapana". Anaweza hata kuishi na "nipe mpaka mwisho wa mwezi huu, kwa sababu naogopa kazi yangu haitabiriki na nitakuwa mzigo kwako", ikiwa ndiyo kweli. Hawezi kuishi na "tutaona", kwa sababu mwenye nyumba wake haipokei.

Ukizungumza naye usianze na hotuba ya jinsi ulivyopotea maishani. Vijana wa kiume mna mtindo huo: mnaulizwa swali la watu wawili, mnajibu kwa huzuni ya mtu mmoja, halafu mwenzenu anajikuta (neno lako hilo) anawafariji na swali lake limezama. Anza na hanga. Mwambie uliziona siku ile ile. Mwambie kwa nini hukutundika kitu. Kisha nyamaza umsikilize.

Na yule wa usiku. Kwa kuwa hamkuwahi kuachana, ule mlango hamkuufunga, mliuegemeza tu. Ufunge. Sentensi mbili zinatosha: nina mtu, na sitakuwa najibu ujumbe wa usiku. Umwandikie mchana. Jambo la aina hii likiandikwa saa sita usiku linageuka mazungumzo. Na usinipe ile hoja kwamba ni salamu tu, maana ungekuwa umeshamsomea N. hizo salamu.

Marafiki zako waache walivyo, kicheko nacho ni riziki. Ila usiwaulize kuhusu kazi, na sababu ni hii. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi wakati ule. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 17 hivi. Waliobaki walisema mara mojamoja, au kwa nadra kabisa. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini: wale mnaocheka nao jioni wanajua yale yale unayoyajua wewe, mnakunywa habari kutoka mtungi mmoja. Habari mpya iko kwa mtu wa mbali kidogo.

Yaani, mhasibu wako. Mzee ambaye hamkuwahi kuwa karibu, lakini alipita mbele ya zile karatasi mbili kila siku ya kazi, na aliposikia mahali wanahitaji mtu wa kuratibu oda akakumbuka jina. Hakukumbuka shahada yako, wala hajui umefika somo la ngapi. Na wewe umemwacha siku tisa kwa sababu hujui kama ndicho unachokitaka. Utajuaje, kabla hujaenda kuona? Kumjibu si kufunga ndoa na kazi hiyo. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako lakini yasizidi haya:

"Shikamoo mzee. Samahani sana kwa kuchelewa kujibu, kosa ni langu. Nashukuru kwa kunikumbuka. Tafadhali taja jina langu, na kama inawezekana naomba namba ya mtu wa kuzungumza naye. Nitampigia wiki hii."

Usieleze kwa nini ulichelewa. Ukianza kueleza utafuta ujumbe wote. Huenda nafasi imeshajazwa, siku tisa si chache, na ikiwa hivyo mshukuru umwombe akusikilizie nyingine, kwa sababu sasa kuna mtu mmoja duniani anayejua unafaa wapi. Wakikuita, nenda na maswali ya mtu aliyewahi kupekua mafaili: oda zinaingia kwa njia gani, nani anazigusa kabla hazijatoka, mara ya mwisho mteja alipewa kazi isiyo yake ilikuwaje. Mwenye ofisi akikuelewa kwa maswali hayo utamwona usoni. Asipokuelewa, hilo nalo ni jibu, liandike.

Liandike kweli, kwenye lile daftari kama bado lipo. Chora safu ya nne. Kila kazi uliyopita, mstari mmoja: nini kilinifanya nisahau saa, nini kilinifanya niitazame saa. Za zamani unazikumbuka, hazijapita mbali. Kwa bima labda utaandika kitu kimoja tu. Kwa kurasa za mitandao sijui utaandika nini, na natamani kukisoma, kwa kuwa ndiyo kazi unayoifanya leo na umeisemea maneno machache kuliko zote.

Kozi, futa mbili. Sichagui mimi ibaki ipi, lakini mtu aliyepanga oda za ofisi nzima peke yake usiku hahitaji kuambiwa. Na ushuke kitandani ukiwa kazini, hata kama ni kiti cha jikoni. Hilo sina mtaalamu wa kukutajia, ni maarifa ya shangazi tu.

Unaweza kuniuliza uanze na lipi, N. au mzee. Anza na mzee, ni dakika tano na barua hii ikikufikia zitakuwa siku zaidi ya tisa. N. ni jioni ya leo.